Damu Nayo Ifungishwe

Karatasi ya majibu ya sukari ni ndogo, mara nyingi haizidi upana wa kiganja. Juu kuna jina, umri na tarehe. Chini kuna tarakimu mbili zilizotenganishwa na nukta. Mtu huikunja, huitia mfukoni na kumpelekea daktari, naye daktari huzungumzia tarakimu hizo kana kwamba zimeshuka zenyewe kutoka mbinguni. Ni nadra kusikia mtu akiuliza zimetengenezwaje. Mimi niliuliza, na kwa ukarimu wa mtaalamu mmoja wa maabara katika hospitali ya wilaya nikaruhusiwa kukaa kwenye kona ya chumba chake asubuhi kadhaa, bila kugusa kitu, nikimtazama akifanya kazi. Nimewahi kuwatazama maseremala, washonaji, hata wachonga milango wa Zanzibar. Sijaona kazi inayodai uaminifu mkubwa kiasi hiki kwa kitu ambacho hakuna anayekiona.

Kazi yake haianzi na sindano. Inaanza kwenye benchi la nje, saa moja asubuhi, mbele ya watu wenye njaa. Waliokuja kupima sukari ya kufunga utawatambua kwa ukimya wao, na kwa jinsi wanavyogeuza uso muuza maandazi anapopita dirishani. Mtaalamu hutoka na daftari lake, huketi karibu na mmoja mmoja, huuliza kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana usiku ulikula saa ngapi?"

"Saa mbili. Wali na maharage, basi."

"Na baada ya hapo ukatia nini mdomoni?"

"Sikutia kitu."

"Leo ulipoamka?"

"Nimekunywa chai tu."

"Ya sukari?"

"Kidogo, mwanangu. Kijiko kimoja. Si nilikuwa na vidonge vya presha vya kumeza?"

Hakumkemea, wala hakuonyesha kuchoka. Alimwambia vidonge alifanya vizuri kumeza, ila kesho ameze kwa maji matupu, aje hivyo hivyo, na chai aibebe kwenye chupa aje ainywe akishatolewa damu. Mama akaondoka bila kinyongo. Mpimaji mwingine angeridhika na swali moja, "Umekula?", akajibiwa "Sijala", akachoma sindano, na majibu yangetoka yakiwa safi kwa macho lakini yasiyo na maana. Katika nyumba nyingi chai haihesabiwi kuwa chakula. Chakula ni ugali, ni wali, ni ndizi. Ndiyo maana yeye haulizi kama mtu amekula. Humrudisha mtu jana usiku, kisha humtembeza saa baada ya saa mpaka pale benchini alipoketi, na njiani chai hujitokeza yenyewe.

Kanuni yenyewe ni fupi: muda usiopungua saa 8 bila kitu chochote chenye nishati. Maji matupu yanaruhusiwa, na tena yanasaidia, maana mwili uliokaukiwa maji huficha mishipa. Lakini maisha ya watu hayakupangwa kwa kanuni. Mlinzi aliyetoka lindo la usiku amekula saa kumi alfajiri, na kwake huo ndio mlo wa jioni. Kijana ana bigijii shavuni na hajioni kama anakula. Mzee amepanda mlima kwa miguu, anahema; huyo hukalishwa kwanza apumzike, kwa kuwa mwili ulioshtuka hautoi picha ya mwili uliotulia. Mwingine ana homa, au ameanza vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya pumu, na vyote viwili hupandisha sukari. Huyo huandikiwa pembeni ya fomu ili daktari ajue. Mwezi wa Ramadhani huja na swali lake: aliyekula daku hutimiza muda wa saa 8 ikifika mchana, je, aje wakati huo? Mtaalamu huyu humwambia, kama huna dalili za kukutia wasiwasi, subiri mwezi uishe. Vigezo vya kipimo hiki viliwekwa kwa damu ya asubuhi baada ya usiku mzima, na sukari ya mtu aliyefunga haiko sawa asubuhi na alasiri.

Kwa nini njaa yote hii? Wengi hudhani tunafunga ili sukari ya chakula isivuruge hesabu. Hiyo ni nusu ya jibu. Mtu aliyelala usiku kucha bila kula hakosi sukari katika damu. Ubongo wake peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku, na ubongo haulali. Sukari hiyo hutoka kwenye ini. Mfaransa Claude Bernard alionyesha katikati ya karne ya 19 kwamba ini huhifadhi sukari na kuitoa, na mwaka 1857 akaitenga akiba yenyewe, glaikojeni. Usiku ini hutoa sukari kidogo kidogo, takriban miligramu 2 kwa dakika kwa kila kilo ya uzito wa mwili, huku insulini kutoka kwenye kongosho ikilizuia lisipitilize. Alfajiri homoni za kuuamsha mwili hupanda, ini husukumwa kutoa zaidi, na insulini hulazimika kuongezeka ili kulikabili. Kwa mtu ambaye insulini yake haitoshi, au mwili wake umeacha kuitii, ini hutoa bila kipimo. Ndiyo maana mtu hushangaa: "Sijala tangu jana, sukari imetoka wapi?" Imetoka ndani mwake. Kipimo cha kufunga hakijali sana ulichokula jana. Kinachunguza jinsi ini na kongosho vilivyoelewana wakati mwenye mwili amelala.

Na kiasi chenyewe ni kidogo cha kushangaza. Sukari yote iliyomo katika damu ya mtu mzima aliyefunga, lita tano hivi, ni gramu nne au tano: kijiko kimoja cha chai. Tofauti kati ya mtu mwenye milimoli 5.5 kwa lita, ambaye ni mzima, na mwenye 7.0, ambaye huenda ana kisukari, ni gramu moja na ushei iliyotawanyika katika lita zote hizo. Gramu hiyo ndiyo mtaalamu anayoitafuta, na anaitafuta ndani ya mililita mbili za damu.

Mkono wake ni mwepesi, lakini hauna haraka. Hafungi mpira wa kubania mkono mpaka kila kitu kiwe tayari mezani: pamba, spiriti, sindano, vichupa, kalamu. Mpira usikae zaidi ya dakika moja, maana damu iliyotuama hubadilika. Hupapasa kwa ncha ya kidole, macho yakiwa kwingine. Mshipa mzuri, asema, ukiubonyeza unakusukuma. Anaoupenda zaidi ni ule wa katikati ya kiwiko kwa sababu umeshikamana na nyama, haukimbii. Mkono wenye dripu haugusi, kwani dripu nyingi zina sukari ndani yake na zingempa kila mgonjwa kisukari cha uongo. Akishapaka spiriti husubiri ikauke. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda fundi huyu: sekunde zile thelathini ambazo hafanyi kitu, foleni ikimtazama. Spiriti mbichi huchoma, na ikiingia kwenye tundu hupasua chembe za damu. Kisha sindano huingia ikiwa imelala, mdomo wake ukiangalia juu, na mgonjwa aliyefumba macho huuliza kama bado, wakati damu tayari inapanda kwenye kichupa.

Vichupa hujazwa kwa mpangilio maalumu, na chenye kifuniko cha kijivu huwa cha mwisho. Cha kijivu ndicho cha sukari. Ndani yake kuna unga mweupe kidogo sana, mchanganyiko wa floridi ya sodiamu na oksalati ya potasiamu. Kikitangulia, chembe ya unga huo inaweza kuhamia kwenye kichupa kinachofuata na kumpandishia mgonjwa potasiamu ambayo hana.

Sasa tumefika mahali ambapo kazi hii hushinda au hushindwa. Mgonjwa amefunga. Damu yake haijafunga. Chembe nyekundu huendelea kula glukosi ndani ya kichupa kama zilivyokuwa zikila mwilini, ila sasa hakuna ini la kuirudishia. Katika joto la kawaida la chumba, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chumba kikiwa na joto, kama vyumba vyetu vingi vya Pwani, au chembe nyeupe zikiwa nyingi, hupungua haraka zaidi. Piga hesabu: mtu ametolewa damu ikiwa na 7.2, kichupa kikakaa saa mbili mezani kikisubiri mhudumu arudi kutoka kunywa chai. Mashine itasoma 6.4. Mtu aliyekuwa na kisukari saa moja asubuhi hana kisukari saa tatu, na hakuna aliyesema uongo. Hata mashine imesema kweli, ila imesema kweli ya damu iliyokwisha kula. Mchuuzi wa samaki wa soko la Feri anaujua ukweli huu bila kusoma biokemia: kilichotolewa majini hakisubiri, na barafu ni sehemu ya kazi.

Kichupa cha kijivu kiliwekwa kwa ajili hiyo. Floridi huzuia kimeng'enya kiitwacho enolasi, na enolasi ikizuiwa ulaji wa sukari hukwama. Waliofundishwa juu juu huishia hapo, wakaamini kwamba damu ikishaingia kwenye kichupa cha kijivu imesalimika hata ikikaa mpaka jioni. Mtaalamu wangu alitabasamu nilipomuuliza. Enolasi iko karibu na mwisho wa mlolongo wa hatua ambazo chembe hupitisha glukosi. Ukiuzuia mwisho, hatua za mwanzo huendelea kwa muda, saa moja, mbili, hata nne, mpaka mlolongo mzima usimame. Kwa maneno mengine, dawa iliyowekwa kulinda sukari hulegalega katika saa ileile ambayo ulinzi unahitajika zaidi. Siku hizi vipo vichupa vyenye sitrati, ambavyo huzuia mwanzo wa mlolongo mara moja. Kwake havijafika.

Anachofanya ni hiki. Kichupa kikishajaa hukipindua juu chini mara nane hadi kumi, polepole, mkono ukigeuka kwenye kifundo tu. Hatikisi, maana kutikisa hupasua chembe. Kisha hukizamisha hadi shingoni kwenye bakuli la barafu iliyopondwa na kutiwa maji. Nilimuuliza kwa nini maji, barafu peke yake haitoshi? Barafu ya vipande bila maji, alisema, hugusa kichupa hapa na pale. Maji hukizunguka chote. Huo ni ujuzi ambao sidhani uliandikwa kwenye fomu yoyote ukutani. Halafu huandika nyakati mbili kwenye daftari: saa aliyotoa damu, na saa atakayoitenganisha. Kati yake zisipite dakika 30. Vichupa huingia kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, vikiwa vimesawazishwa kwa uzito, kimoja mkabala na mwenzake, mashine huvuma, na vikitoka chembe nyekundu zimelala chini na plazma imekaa juu, ya manjano hafifu, angavu. Plazma hiyo ikishatengwa na chembe, mlaji ameondolewa mezani. Hapo ndipo damu nayo huwa imefunga.

Huinua kila kichupa na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuendelea. Plazma yenye wekundu inamwambia chembe zimepasuka. Plazma iliyochafuka kwa weupe wa mafuta inamwambia jambo lingine: huenda hapa pana supu, au chapati za mafuta, vilivyoliwa muda mfupi uliopita, hata kama mwenyewe ameapa. Huyo huitwa pembeni na kuulizwa upya, bila kuaibishwa. Asubuhi moja umeme ulikatika vichupa vikiwa bado kwenye barafu, jenereta ikagoma, dakika zikapita. Angeweza kupima, na hakuna ambaye angejua. Aliandika "sampuli imekataliwa" kwenye fomu mbili na kuwaomba wenyewe warudi siku iliyofuata. Mmoja alilalamika kwa sauti. Alikuwa na haki ya kulalamika, na mtaalamu alikuwa na haki ya kukataa.

Mashine ya hospitali kubwa hunyonya sampuli yenyewe na kutoa jibu. Hapa, mashine ndogo ya kusomea rangi inahitaji mikono. Kabla ya mgonjwa yeyote, hupima chupa mbili za udhibiti ambazo thamani yake inajulikana, moja ya kawaida na moja ya juu, kisha huweka nukta mbili za penseli kwenye mchoro wenye mstari wa katikati na mistari ya mipaka juu na chini. Mchoro wa namna hii ulipendekezwa na Levey na Jennings mwaka 1950 na bado unatumika katika maabara duniani kote. Mtu asiyejua huona nukta tu. Yeye huzisoma: zikianza kujipanga upande mmoja wa mstari siku baada ya siku, hata kama ziko ndani ya mipaka, kuna kitu kinachakaa, dawa au taa ya mashine, naye hukisaka kabla hakijaharibu jibu la mtu.

Kisha huja pipeti. Mikrolita 10 za plazma kwenye mililita moja ya dawa. Mikrolita 10 ni tone ambalo jicho la kawaida lingelidharau, na ukikosea moja tu umekosea asilimia 10. Kidole gumba hubonyeza mpaka kituo cha kwanza, ncha huzama milimita chache tu, gumba huachia polepole ili hewa isiingie, ncha hufutwa kwa nje bila kugusa tundu, plazma huingizwa kwenye dawa, gumba hubonyeza mpaka kituo cha pili. Kichupa kinachofuata, vilevile. Na kinachofuata. Nilijikuta nahesabu pumzi zake. Alikuwa akiachia gumba na pumzi kwa pamoja.

Katika dawa ile mna kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidasi, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ni jambo zuri. Zamani sukari ilipimwa kwa ulimi. Thomas Willis wa Uingereza aliandika katika karne ya 17 juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hawa, na mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, aliukausha mkojo huo akapata sukari yenyewe, akaeleza pia kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wake yalikuwa na utamu. Baadaye zikaja njia za shaba, ambazo zilihesabu sukari pamoja na vitu vingine visivyo sukari. Mwaka 1928 Mdenmaki Detlev Müller akaeleza kimeng'enya alichokipata kwenye Aspergillus niger, kuvu jeusi lilelile linaloota kwenye vitunguu vilivyooza sokoni. Kimeng'enya hicho huchagua glukosi, hukiacha karibu kila kitu kingine, na kwa kila molekuli huzalisha haidrojeni peroksidi, ambayo kwa msaada wa kimeng'enya cha pili huzaa rangi ya waridi. Sukari nyingi, waridi iliyokolea. Dakika kumi baadaye vile vichupa vimesimama kwenye kibao, vingine vimepauka, vingine vimeiva, na kabla mashine haijasoma chochote, mtaalamu hunionyesha kwa kidevu: "Yule pale hatafurahi leo."

Kuna wanaouliza, sasa kimashine cha kidoleni kinatosha nini? Kinatosha kwa mengi, na siungi mkono wanaokidharau. Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, kimashine hicho ndicho hufanya kazi kwenye mahema, na wengi wamejijua humo. Lakini nacho kina ufundi wake, na nimeona ukifanywa ovyo. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe. Aliyetoka kumenya embe ana sukari ya embe kidoleni, na pamba ya spiriti peke yake haitoshi kuiondoa. Kidole kichomwe ubavuni, si katikati ya ncha, ambako mishipa ya fahamu ni mingi. Tone la kwanza lifutwe. Kidole kisikamuliwe kwa nguvu, kwa sababu kinachotoka hapo ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama. Kikopo cha stripu kifunikwe mara tu baada ya kutoa moja, kwani unyevu na joto huzidhoofisha, na hema saa sita mchana si rafiki yake. Upungufu wa damu nao hukifanya kimashine kisome juu kuliko ukweli. Hata kikiwa kizuri, kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinakiridhia kikosee mpaka asilimia 15 juu au chini katika majibu mengi, maana yake aliye na 7.0 anaweza kusomeka popote kati ya 6 na 8. Kwa kuchuja watu wengi, sawa. Kwa kumwambia mtu kwamba atabeba ugonjwa huu maisha yake yote, hapana. Hapo damu ya mshipani ndiyo inayostahili kusema.

Na tarakimu zenyewe? Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ukiwa umefunga, ni kisukari. Shirika la Afya Duniani huita 6.1 hadi 6.9 sukari iliyoanza kuharibika. Wamarekani huanza kuonya kuanzia 5.6, kwa hiyo mwenye 5.8 ni mzima Geneva na ana onyo Washington. Mipaka hii imewekwa na watu. Mpaka mwaka 1997 kigezo kilikuwa 7.8, Wamarekani wakakishusha hadi 7.0, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999, baada ya kuonekana kwamba madhara kwenye mishipa midogo ya macho huanza kuongezeka mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mashine nyingine huonyesha miligramu kwa desilita, na hapo 7.0 huwa 126. Gawanya kwa 18 upate hesabu tuliyoizoea. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaosoma 98 kwenye mashine ya jamaa aliyetoka Marekani wakaanza kuaga ndugu. Hiyo ni 5.4.

Asiye na dalili haambiwi ana kisukari kwa jibu moja. Sukari ya kufunga ya mtu yuleyule hutofautiana kwa asilimia 5 au zaidi siku hadi siku, hata fundi awe bora vipi, ndiyo maana kipimo hurudiwa siku nyingine.

Zamani kidogo tu tulijiona watu ambao ugonjwa huu hauwahusu. Donald McLarty wa Muhimbili, Andrew Swai na wenzao waliwapima watu wa vijiji sita vya Tanzania, na katika makala yao ya mwaka 1989 waliripoti kisukari kwa chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulipata asilimia 9.1. Tafiti hizi mbili hazikutumia njia moja wala watu wa aina moja, kwa hiyo asizilinganishe mtu kwa rula. Hata hivyo mwenye macho anaona foleni ya benchi lile ilivyorefuka.

Kuna wanaosema kipimo cha kufunga kimepitwa na wakati, kwamba kipo kingine, kile cha sukari iliyoshikamana na himoglobini, ambacho hakihitaji njaa na huonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu. Ni kipimo kizuri, na kwa kufuatilia mgonjwa hakina mpinzani. Ila kinategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida. Kwetu selimundu ni jambo la nyumbani, malaria huvunja chembe, upungufu wa madini ya chuma ni wa kawaida kwa kina mama, na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD upo; vyote hivi huweza kukipotosha, kingine juu, kingine chini. Tena ni ghali. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba sukari ya kufunga itaendelea kuwa kipimo chetu cha kwanza kwa muda mrefu, na ubora wake utategemea zaidi bakuli la barafu na daftari la nyakati kuliko ukubwa wa mashine.

Ukienda kupima, nenda asubuhi, na maji tu tumboni. Mweleze mpimaji kila ulichotia mdomoni tangu usiku, hata kama unaona haya, na umtajie dawa unazotumia. Damu ikishatolewa, angalia kichupa chako kinawekwa wapi. Kikiachwa mezani, uliza kwa heshima kitazungushwa saa ngapi, maana una haki ya kujua. Na ukiambiwa urudi siku nyingine kurudia, rudi.